Maombi ya Darasa la Nane

Kenyatta Market, Nairobi
8 Septemba 1991

Khocha wangu, Mjomba Shem,

Habari za Lugulu? Huku kwetu tuko wazima, ila Odero, baba watoto, ana kikohozi na amekataa katakata kwenda hospitali. Anasema ni vumbi la karatasi tu, pale kiwandani wanapochapa vitabu. Watoto wamerudi shule mashavu yamejaa kwa mahindi yako, na huyu mdogo kila siku ananiuliza kama yule ndama ameshapewa jina. Maji ya mfereji yanakuja yakitaka. Jana nilisukwa nywele hapa sokoni na msichana mmoja wa kwetu Kimilili, amenivuta kichwa mpaka hata kukunja uso siwezi. Lakini nitaandika hivyo hivyo.

Mjomba, kuna jambo nimefanya, na ni afadhali ulisikie kwangu mwenyewe.

Unajua darasa la nane hufanyiwa maombi kabla ya mtihani wa taifa. Si shule yetu ya Kileleshwa peke yake, Nairobi nzima ni hivyo. Wazazi wanaitwa, mhubiri anaitwa, watoto wanaleta penseli na rula zao, zinawekwa mezani mbele ziombewe. Mimi sioni ubaya. Mtoto anayekwenda kukalia mtihani kama ule, mbona asiombewe?

Shida ni kwamba watoto wetu si wa dini moja. Mwaka huu kuna Jaswinder, binti wa Harjit Singh mwenye gereji ya malori. Kuna mapacha wa Kanubhai, yule wa duka la vitambaa karibu na Adams Arcade. Kuna mjukuu wa mzee Amirali. Waliobaki ni hawa wetu, Wakatoliki na Waprotestanti na makanisa mengine ambayo hata siyajui yalianzia wapi. Siku ya Ijumaa wakigawanywa kwa kipindi cha dini, wasio na mwalimu wa dini yao wanaletwa kwangu. Kwenye ratiba tumeandikwa "Wengine", kama unga uliobaki chini ya gunia.

Mwaka jana aliletwa mhubiri mmoja wa makelele. Akamwaga mafuta, akawaamuru watoto wote wapige magoti, akasema asiyetaka atoke nje asiharibu maombi ya wenzake. Basi Wengine wangu wakatoka. Walisimama pale kwenye mifereji ya maji, wakiwasikiliza wenzao wakiombewa kupitia dirishani. Dada yake Jaswinder alikuwa mmoja wao. Akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumekosea nini?" Mjomba, nilijifanya namfunga kifungo cha sweta.

Wazazi hawakunyamaza. Sasa hedimasta wetu, Bwana Kinyanjui, ameiambia kamati kwamba mwaka huu apatikane mtu wa kuwaombea watoto wote ndani ya ukumbi mmoja, la sivyo hakuna maombi kabisa. Mama Ndungu, ndiye mkubwa wa kina mama wa kamati, akaruka. "Bila maombi? Mtoto wangu aingie mtihani hivi hivi kama mbuzi anapelekwa sokoni?" Ilibaki kidogo watu washikane mashati.

Ndipo nikajikuta nimesimama. Nikasema nina mjomba, mchungaji wa Kanisa la Marafiki. Nikawaeleza habari za Jashoda, yule mjane wa Kihindi pale Webuye, duka lake lilipoungua. Ulikwenda ukasimama juu ya majivu na kofia mkononi, ukamwombea, na hukumwambia aache chochote cha dini yake. Nikasema tena kwamba sisi Marafiki hatuna mafuta wala maji ya kubatiza, kwa hivyo hakuna mtoto atakayelowa. Hedimasta akasema, "Mwalimu, mlete huyo."

Ni Ijumaa, tarehe kumi na nane Oktoba. Nimeshasema utakuja. Najua nimekuuza bila kukuuliza. Nikemee unavyotaka, lakini njoo.

Ni mimi mpwa wako msumbufu,
Lornah Nakhumicha


Lugulu, Webuye
20 Septemba 1991

Kwa Lornah, omwiwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nimepokea barua yako na salamu zote nimezigawa. Mwambie Odero kikohozi hakiogopi mwanamume, aende hospitali. Ndama anaitwa Nairobi, kwa sababu hatulii mahali pamoja. Mahindi tumevuna, panya nao wamevuna. Goti langu la kushoto limeanza tena. Bati la kanisa lilipeperushwa na upepo upande wa akina mama, na sasa wameketi upande wa wanaume na hawataki kurudi kwao.

Nimecheka uliposema umeniuza. Mama yako alikuwa hivyo hivyo, aliwahi kuwaahidi watu ng'ombe wangu.

Lakini habari ya Jashoda hukuieleza sawasawa. Mimi sikwenda kwa akili yangu. Nilikuwa nimeketi nikisema maskini, maskini, kama watu wote. Mke wangu Rasoa ndiye aliyenivuta shati akasema, "Unamhurumia ukiwa umekaa?" Yeye ndiye aliyetangulia barabarani. Mimi nilifuata na kofia.

Kuhusu hiyo safari, mwanangu, mimi ni mzee, na Nairobi inataka watu wenye miguu miwili mizima. Siku hizi hata hapa kanisani anayeomba ni Mzee Wekesa, ana sauti ya kufika mtoni. Tafuteni kijana aliyesoma theolojia, hapo mjini hawakosekani. Mwambie hedimasta mjomba wako anashukuru kukumbukwa.

Wasalimu watoto. Huyo mdogo mwambie ndama naye anamsalimu.

Mjomba wako,
Shem


Kenyatta Market
29 Septemba 1991

Mjomba,

Salamu ziko chini kabisa leo, zitafute huko, maana nimekasirika.

Goti na maombi wapi na wapi? Nani alikwambia utaomba kwa goti? Na huyo kijana wa theolojia nimemtafuta, tena si mmoja. Wa kwanza anasema hawezi kusimama mbele ya watoto wa Kihindi asiwaambie waokoke, dhamiri itamsuta. Wa pili anakuja na spika zake na kundi la waimbaji. Wa tatu aliposikia kuna Mwislamu na Singasinga chumba kimoja, alianza kunihubiria mimi.

Juzi Jaswinder alibaki darasani wenzake wakienda kucheza. Akaniuliza, "Mwalimu, mjomba wako atatuambia tupige magoti?" Nikasema hapana. Akasema, "Kwa sababu Papa wangu amesema wakinitoa nje kama dada, siku ya mtihani mwenyewe atanileta mpaka mlangoni, lakini hiyo siku ya maombi nitakaa nyumbani." Kisha akainama akiokota vipande vya chaki ambavyo hakuna aliyemwambia aviokote. Akasema polepole, "Mimi nataka kuombewa pamoja na wengine. Naogopa hesabu." Haki ya Mungu, Mjomba, mtoto anayeshika namba mbili darasani anaogopa hesabu.

Tiketi yako Odero ameshaikata, ya garimoshi, daraja la pili, na nimeitia humu ndani. Utaondoka Alhamisi. Usipokuja, basi maombi hayatakuwepo, au yatakuwepo na Jaswinder hatakuwepo. Chagua mwenyewe.

Odero alikwenda hospitali. Ilikuwa vumbi la karatasi kweli, sasa hapumui kwa majivuno. Watoto wanakusalimu. Mimi pia, kwa shingo upande.

Lornah


Lugulu
7 Oktoba 1991

Lornah mwanangu,

Sote hatujambo. Mvua imenyesha jana. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Nilikuandikia mambo ya goti kwa sababu goti ni rahisi kulieleza. Tangu tumzike Rasoa mwezi wa kwanza, mimi sijaomba kwa sauti. Si kanisani, si mezani, si mahali popote.

Unanijua nilivyokuwa. Miaka yote hiyo nimeomba mbele ya watu, kwa marefu, nikitaja kila mgonjwa na kila ng'ombe. Na kila nilipokaribia mwisho, Amina ya Rasoa ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa inatoka kabla ya zote, saa nyingine kabla hata sijamaliza, kama mtu anayeniambia haya baba, inatosha, watu wana njaa. Sikuwahi kufikiri juu yake. Ilikuwa ni mahali pa kutua tu.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi nilisimama kama kawaida. Nikaanza vizuri. Nikafika katikati, nikaona mwisho unakuja, na kule mwisho hakuna mtu. Nikaketi. Watu walisema ni majonzi, yatapita. Hayajapita. Nikisimama, mdomo unafunguka na kufunga wenyewe. Usidhani nimekosana na Mungu. Najua yupo, kama ninavyojua wewe upo huko hata nisipokuona. Ni mwisho wa maombi ninaouogopa.

Hili sijamwambia mtu. Wekesa anaomba, watu wanadhani nimempa nafasi kwa upole.

Kwa hivyo tafuta mwingine. Ukimpata, piga simu pale misheni kabla ya Jumatano, wataniita. Nisiposikia kitu nitajua umekosa, na hapo nitapanda hilo garimoshi, kwa sababu watoto hawawezi kusimama kwenye mifereji kwa ajili ya mdomo wa mzee mmoja. Lakini ujue ni nani unayemleta. Unaleta bubu.

Mjomba wako


Kenyatta Market
20 Oktoba 1991

Mjomba wangu mpendwa,

Leo ni Kenyatta Day, jirani amefungua redio tangu asubuhi na hotuba zinapita ukutani. Jana uliondoka kabla chai haijachemka. Odero alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili ili akusindikize, akatoka nje, wewe na mfuko wako mmeshapotea kuelekea stendi ya basi. Ijumaa jioni ulikula bila neno, nami nikasema amechoka, nimwache. Sasa najuta. Nilitaka nikuulize umelitoa wapi jambo lile.

Nataka nikueleze ulichofanya, kwa sababu sidhani ulituona kama tulivyojiona sisi.

Ukumbi ulijaa. Penseli zilikuwa mezani, nyingine zimefungwa kwa utepe. Mama Ndungu na kina mama wa kamati walikaa mbele kabisa, vitambaa vyeupe kichwani, tayari. Kanubhai na mkewe Manjula katikati na mapacha wao. Mzee Amirali na fimbo yake. Harjit Singh alikataa kuja mbele. Aliweka kiti chake mlangoni, akakunja mikono, Jaswinder kando yake, na mtoto alinidokeza kwamba wamekubaliana wataondoka kwa neno baya la kwanza. Hedimasta akakusifu mpaka nikaona aibu. Ukasimama. Ukavua kofia. Ukafungua mdomo.

Ukanyamaza.

Mwanzoni nilisema anasafisha koo. Kisha nikasema anatafuta maneno ya Kiswahili. Mtoto mmoja nyuma alicheka, akanyamaza mwenyewe. Mtu aliyekuwa anafyeka nyasi nje tulimsikia, halafu naye akaacha. Mjomba, sijui ulikuwa muda gani. Nilisikia bati likilia kwa joto. Niliangalia watu. Jaswinder alikuwa amefumba macho na hakuna aliyemwambia afumbe. Mzee Amirali alikuwa amefungua viganja juu ya magoti. Midomo ya Manjula ilikuwa inacheza bila sauti. Mama Ndungu, ambaye hawezi kukaa dakika mbili bila kusema Haleluya, alikuwa analia machozi mpaka kidevuni na hakusema kitu. Na Harjit Singh, ile mikono aliyokuwa amekunja, ilikuwa imeshuka yenyewe.

Nilishikwa na hofu. Si ile ya kukimbia. Ni ile ya mtu aliyefungua mlango akidhani nyumba ni tupu, kumbe mwenyewe yumo ndani, amekaa, anamwangalia. Nimezaliwa kanisani, nimelelewa na maombi yako, na sijawahi kumwogopa Mungu hivyo wala kumpenda hivyo.

Kisha ukashuka jukwaani. Ukapita katikati ya viti mpaka kule mlangoni, ukampa Harjit Singh mkono. Akasimama, mtu mkubwa vile, akaupokea kwa mikono miwili. Akageuka, akampa Jaswinder mkono. Jaswinder akampa aliyekuwa mbele yake, na yule akageuka. Salamu ikapita ukumbi mzima hivyo, Mjomba, mkono kwa mkono, mpaka nikamwona Mama Ndungu ameshikana na Manjula na hawaachani. Mama wa yule mjukuu wa mzee Amirali aliweka mkono kifuani akainamisha kichwa, ikatosha. Watoto wakachukua penseli zao wakatoka kama watu wanaobeba mayai.

Hedimasta alinishika bega. "Huyo mzee wenu ana akili sana. Ameombea wote, na hakuna mtu ameguswa pahali pabaya." Mama Ndungu anasema hajaona mchungaji mwenye nguvu hivyo. Harjit Singh alinifuata mpaka getini akaniambia, "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa Nairobi, nimeitwa harambee za kila dini. Leo ndiyo mara ya kwanza mimi kukaa ndani, si mgeni. Hiyo kitu ilinishika hapa." Akajigonga kifua.

Uliwezaje kufikiria, Mjomba? Kujua kwamba neno lolote lingemkata mtu, ukaacha yote?

Mpwa wako anayejivuna,
Lornah


Kenyatta Market
26 Oktoba 1991

Mjomba,

Barua yako ya tarehe saba imefika leo. Ilitumbukizwa kwenye sanduku la shule nyingine, ikakaa huko, mpaka karani wao akairudisha posta. Niliifungua pale pale posta nikiwa nimesimama. Nikaketi kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka.

Nisamehe. Sikujua. Nilikuwekea kiti mbele ya watu wote wale na kukutazama kama anayesubiri biskuti. Kwa hivyo hukunyamaza kwa hekima. Ulisimama pale ukijua huwezi, na ukasimama.

Na Mama Rasoa, sikukuuliza hata mara moja unaishije bila yeye. Nilikuja mazishini, nikalia, nikarudi kazini, nikakutumia sukari.

Sijamwambia mtu. Wazazi wanaendelea kukusifu kila nikipita. Niwaambie? Nijibu haraka.

Lornah


Lugulu
4 Novemba 1991

Omwiwa wangu,

Acha kulia kwenye ngazi za posta, utaibiwa mkoba.

Goti ni zima. Nairobi, yule ndama, amekula blanketi la Wekesa. Wekesa ameniombea msamaha kwa Mungu kanisani, kwa jina langu, watu wote wakisikia.

Kumbe barua haikufika! Basi ngoja nikwambie. Mimi nilidhani umeisoma. Hukupiga simu, nikasema amekosa mtu, ananiita hivyo hivyo nilivyo. Niliposimama pale nikakutazama, nawe ukatabasamu kama mtu aliyeshiba. Nikasema moyoni, moyo wa msichana huyu ni wa jiwe, anajua mimi ni bubu na bado anatabasamu!

Nilitafuta "Baba yetu". Haikuwepo. Nilitafuta hata salamu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilikuwa naogopa, Lornah, naogopa kweli. Halafu nikaanza kusikia kitu na sikukitambua kwanza. Walikuwa ni watoto wanapumua. Nimewaombea watu maisha yangu yote, na sikuwahi kuwasikia wakipumua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema. Kila mtoto na pumzi yake. Nikasema moyoni, Bwana, wewe husikia hivi kila siku? Nilitamani kupiga magoti, nikakumbuka umewaahidi hakuna magoti.

Lakini hofu ya mwisho ilirudi. Nani atamaliza? Basi nikakimbia. Ndiyo, nilikuwa natoroka. Nilishuka kwenda mlangoni, nitoke nje nisimame kwenye hiyo mifereji yenu. Yule baba mkubwa akasimama mbele yangu, mlango wote ukajaa. Nilidhani ananizuia. Nikampa mkono kwa sababu sikujua la kufanya nao. Alipoushika ndipo nikakumbuka jambo la utotoni. Zamani hapa Lugulu, kabla ya ngoma na spika, wazee walikaa kimya ibada nzima, na ibada ilifungwa kwa kupeana mikono. Hakuna aliyesema Amina. Nilikuwa nimesahau kabisa, Lornah. Nikageuka nikauona mkono unapita kutoka kwa mtu hadi mtu, nikaegemea ukuta.

Kwa hivyo sikufikiria kitu. Mimi nilishindwa tu, na yeye aliyekuwepo akafanya kazi yake. Usiwatangazie watu, wala usiwadanganye. Atakayeuliza mwambie mzee hakuwa na neno, na hiyo ni kweli.

Uliuliza ninaishije. Ninaishi. Ninachemsha chai ya watu wawili na kuinywa yote. Kuomba bado sijaomba.

Shem


Kenyatta Market
13 Novemba 1991

Mjomba,

Sisi hatujambo, kikohozi kimehamia kwangu. Nakuandikia nikiwa bado na chaki mikononi kwa sababu nikingoja nitasahau ilivyokuwa.

Mtihani ulianza jana. Asubuhi lilikuja gari la serikali na karatasi kwenye sanduku la chuma, na polisi mmoja mwenye bunduki wa kuzilinda. Msimamizi ametoka shule nyingine, anaitwa Bwana Mukonyo, mtu mkali, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Sisi walimu wa hapa haturuhusiwi kusogea karibu na watahiniwa, kwa hivyo nilikuwa mbali, kando ya maua, nikijifanya nang'oa majani.

Watoto walipanga mstari mlangoni. Jaswinder alikuwa wa kwanza. Bwana Mukonyo akaangalia saa akasema, "Haya, ingieni."

Hakuna aliyeingia.

Hawakuwa wakaidi, Mjomba. Walisimama tu. Mstari mzima, mikono chini, penseli kwenye vidole. Sikuwafundisha mimi. Hedimasta ameapa hakuwafundisha yeye. Bwana Mukonyo alifungua mdomo amkemee mtu, akamkosa wa kumkemea, na ule mkono wake wenye saa ukashuka polepole. Nilisikia ndege. Ile kitu ya siku ile ukumbini ilikuwa imekuja tena, nje peupe, saa mbili asubuhi, na wa kuileta walikuwa watoto wenyewe.

Kisha Jaswinder akageuka, akampa mkono aliyekuwa nyuma yake, pacha mmoja wa Kanubhai. Yeye akampa mtoto wa Mama Ndungu. Mkono ukaenda mpaka mwisho wa mstari. Wakaanza kuingia.

Na yule polisi, Mjomba! Kijana tu, hata ndevu hana. Hakuna aliyemwambia kitu, hajui habari zetu. Alikuwa ameisukuma bunduki yake mgongoni na kuvua kofia. Akasimama nayo kifuani mpaka mtoto wa mwisho alipoingia, ndipo akaivaa tena.

Naishia hapa, kengele imelia.

Lornah


Lugulu
24 Novemba 1991

Lornah mwanangu,

Pole kwa kikohozi. Kunywa tangawizi. Sote tuko wazima. Leo ni Jumapili na nimetoka kanisani sasa hivi, hata koti sijavua.

Wekesa amekauka sauti tangu juzi. Wakanigeukia. Nikasema siombi, ila nina barua ya mpwa wangu kutoka Nairobi, nitawasomea, ni habari ya watoto. Nikavaa miwani. Nikasoma habari ya gari na sanduku la chuma, na yule msimamizi wa shati la pasi, wakacheka. Nikasoma watoto wamesimama, wakaacha kucheka. Nikasoma mkono unapita. Nilipofika kwa yule polisi miwani iliingia ukungu, lakini niliendelea tu, sikutaka kukatiza.

Nikaja kushtuka nasikia Amina. Kanisa zima. Na kuna moja ilitangulia nyingine zote. Sikugeuka kuangalia ilitoka wapi, Lornah. Niliikunja karatasi nikaketi.

Mlangoni akanishika mkono Mama Selpher, mmoja wa wale waliomwosha Rasoa. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Huyu Lornah ameandika vizuri mno habari za Rasoa. Hata ile ya kukuvuta shati. Hata Amina yake. Na ile ya siku mlipooana mvua ikawakuta darajani, aliijuaje? Si alikuwa hajazaliwa?"

Nimekuja nyumbani, nimefuta miwani, nimeisoma barua yako tena, kutoka juu mpaka chini, na nyuma ya karatasi pia. Inaishia kwa polisi na kofia yake. Rasoa hayumo. Kumbe karatasi iliisha, nami nikaendelea kusema.

Mjomba wako,
Shem